Funguo Tatu za Sanduku: Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama, vijana wetu, Bwana Yesu asifiwe!

Katiba ya umoja wetu wa kufaana hapa usharikani inamtaka mwenyekiti asome taarifa yake kabla mhazini hajasoma hesabu. Mwaka jana niliisoma kwa dakika kumi, mkanipigia makofi, tukaenda kula. Mwaka huu naomba mnivumilie. Kuna jambo ambalo siwezi kulipita juu juu, na likifika mwisho litahitaji kura zenu.

Nianze na yale mepesi. Kamati ilikutana kila mwezi isipokuwa Aprili, masika yalipokata barabara ya kushukia mjini. Tulikwenda hospitali ya KCMC mara mbili kuwaona wagonjwa wetu. Tumepokea wanachama wapya, wengi wao vijana waliopata kipaimara miaka ya karibuni. Tunawashukuru, ingawa bado wanapenda viti vya nyuma na huondoka kabla ya ajenda ya mengineyo. Miti tuliyopanda kando ya kijito, sehemu kubwa imeliwa na mbuzi. Mbuzi hao tunawajua ni wa nani, na mwenyewe amekaa humu ndani ananisikiliza. Askofu Fredrick Shoo alihimiza upandaji miti katika Dayosisi ya Kaskazini mpaka watu wakamwita askofu wa miti. Sisi hatujafikia hata ngazi ya mzee wa kanisa wa miti.

Sasa nije kwenye mkutano wa kanda uliofanyika Moshi, ambao mlituchangia nauli tukapeleka wajumbe saba.

Kabla ya kusifu, nikiri. Kamati ilikaa vikao viwili kujadili nani aende, posho iwe kiasi gani, na kama mwenyekiti anastahili posho ya juu kidogo. Hatukukaa hata kikao kimoja kujiuliza tunakwenda kutafuta nini. Wajumbe wetu waliondoka na madaftari mapya na sare ya kitenge iliyoshonwa vizuri, lakini hawakubeba swali hata moja kutoka kwenu. Ajenda za kamati napanga mimi, kwa hiyo lawama hiyo ni yangu.

Mkutano ulikuwa wa siku tatu. Asubuhi somo la Biblia, mchana warsha, jioni kwaya. Fungu la ufunguzi lilikuwa Waefeso 4:4, “Mwili mmoja, na Roho mmoja,” andiko lile lile lililobeba Mkutano Mkuu wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani kule Kraków, Poland, mwaka 2023. Warsha zilikuwa tatu: imani, utume, jumuiya. Tuligawana ili kila warsha iwe na watu wetu.

Warsha ya imani ilianza kwa maneno matatu ubaoni. Yalitoka katika Mkutano Mkuu wa Windhoek, Namibia, Mei 2017, mwaka ambao Walutheri waliadhimisha miaka 500 ya Matengenezo ya Kanisa: wokovu hauuzwi, binadamu hauzwi, uumbaji hauuzwi. Mwezeshaji akatutaka tuseme ni wapi siku hizi wokovu unauzwa. Ukumbi ulichangamka. Mafuta ya upako yakatajwa, maji ya upako, keki za upako, vitambaa, sadaka ya kujipatia gari. Kila mtu alikuwa na kisa cha jirani aliyetapeliwa, na kila kisa kilikuwa cha kanisa la wengine. Tukacheka vizuri sana.

Ndipo mama mmoja mtu mzima, ambaye hakuwa wa msafara wetu, akanyoosha mkono na kuuliza maneno mawili tu: “Na bahasha?”

Ukumbi ukanyamaza. Alieleza habari za familia moja, mahali ambapo hakupataja na mimi sitapabahatisha, walioambiwa wamalize kwanza ahadi ya sadaka ya marehemu, ile ya kwenye bahasha za kanisa, ndipo ratiba ya mazishi ipangwe. Mwezeshaji hakumkatiza. Alitukumbusha tu kwamba mwaka 1517 Martin Luther alichukizwa na vyeti vya msamaha vilivyouzwa kwa watu maskini, na kwamba waliokuwa wakiviuza nao walikuwa na sababu nzuri: palikuwa na kanisa kubwa linajengwa Roma na fedha zinahitajika. Kisha akasoma Waefeso 2:8, “Kwa maana mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani,” akafunga Biblia, akasema tupumzike tunywe chai. Katika chai ile hakuna aliyezungumzia keki za upako tena.

Warsha ya utume alihudhuria katibu, na nimesoma alichoandika. Nami, kama wengi wenu, nimekua nikidhani utume ni mtu kutoka mbali akija na Biblia kwa watu wa hapa. Historia yetu wenyewe haisemi hivyo moja kwa moja. Ni kweli wamisionari wa Kijerumani wa Leipzig walifungua kituo Machame mwaka 1893. Lakini wenzao wa chama cha Betheli walipofika Bukoba mwaka 1910, walikuta tayari Wahaya wachache wanaosoma Injili waliyoipata kutoka Buganda, wakikutana bila mchungaji wala kengele. Na hapa kwetu mlimani, Wajerumani walipoondolewa mwaka 1920 baada ya vita, sharika hazikufa. Walimu na wazee ndio walioendelea kufundisha na kuzika. Katibu ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: “Hawakuwa na posho.” Sijui alikuwa anamlenga nani.

Warsha hiyo pia ilimkumbuka Gudina Tumsa, Katibu Mkuu wa Kanisa la Mekane Yesus la Ethiopia. Mwaka 1972 kanisa lake liliwaandikia wafadhili wa nje barua ya wazi kabisa: fedha za miradi mnatoa haraka, za kuhubiri Injili mnasita, ilhali binadamu hagawanyiki, nusu mwili upande huu na nusu roho upande ule. Julai 1979, chini ya Derg, utawala wa kijeshi wa Ethiopia, alitekwa na kuuawa. Vijana wetu wawili waliokuwa warshani hawakuwahi kulisikia jina hilo. Naomba kamati ya elimu ilitafutie nafasi.

Warsha ya tatu, ya jumuiya, ndiyo niliyokaa mimi, na ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Ilianzia karibu na nyumbani. Mwezeshaji alimtaja Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kutumikia kwa miaka mingi Kidia, Old Moshi, mpaka mwaka 1938. Gutmann aliona kwamba Wachaga walikuwa wamefungamana kwa nyuzi tatu kabla kanisa halijafika: ukoo, ujirani na rika. Akasema kanisa likizikata nyuzi hizo litabaki na watu wanaojaza mabenchi bila kufahamiana. Kwa hiyo vijana wa kipaimara aliwaunganisha wawili wawili au watatu watatu, kwa mfano wa wenzi wa ngao wa zamani, ili kila mmoja awe na mtu wa kumwuliza habari zake. Mzee mmoja alipinga, na nadhani alikuwa na hoja. Alisema Gutmann aliipenda mila yetu kuliko tulivyoipenda sisi, na kwamba wakati yeye anasifu ukoo, babu zetu walikuwa wanataka shule na bei nzuri ya kahawa. Ukumbi ulicheka. Lakini wenzi wa ngao nikawaandika kwenye daftari.

Kisha tukahamishwa mpaka Leisnig, mji mdogo wa Saxony nchini Ujerumani. Mwaka 1523 washarika wa mji ule waliweka utaratibu wa sanduku la pamoja, na Luther akauandikia dibaji. Wasimamizi walikuwa kumi: wawili kutoka kwa mabwana wenye ardhi, wawili kutoka baraza la mji, watatu raia wa mjini, watatu wakulima wa vijijini. Sanduku lilikuwa na makufuli manne, na kila kundi lilishika ufunguo wake. Hakuna aliyeweza kulifungua peke yake, hata angekuwa bwana mkubwa namna gani.

Mama aliyekaa mbele yangu akapiga kelele, “Jamani, si VICOBA hiyo!” Na kweli, nani humu asiyelijua sanduku la vikundi vya kuweka na kukopa, lenye makufuli matatu na funguo tatu kwa watu watatu? Sanduku letu wenyewe liko hapa mezani. Ufunguo mmoja anao mhazini, mmoja katibu, mmoja mama mlezi. Nilijisikia fahari, nikasema moyoni, kumbe sisi ni Walutheri kuliko tulivyojua.

Fahari hiyo haikudumu. Mwezeshaji alisoma sanduku la Leisnig lilifungukia nani. Lilisomesha watoto, lililea yatima na kuwahudumia wazee na wagonjwa. Fundi aliyekwama alikopeshwa ajiinue, na yule aliyejitahidi kwa uaminifu akashindwa kurudisha, alisamehewa deni kwa ajili ya Mungu. Haikuwa huruma ya kizembe. Mwenye nguvu aliyekataa kufanya kazi hakupewa kitu, na kuombaomba kulipigwa marufuku. Tena tusidhani mambo yalikwenda vizuri: baraza la mji liligoma kukabidhi mali za kanisa, na sanduku likakosa nguvu iliyokusudiwa. Lakini hilo la deni waliliandika kabisa, likawa sheria.

Hapo nikamkumbuka mwenzetu.

Ninachosimulia sasa nimekiombea ruhusa kwa mjane wake. Amekubali nisimulie, ila nisitaje jina, ingawa wengi mtamjua. Alikuwa fundi seremala. Baadhi ya mabenchi mliyokalia ni kazi ya mikono yake, na nakumbuka bei aliyotutoza ilikuwa ya kulipia mbao tu. Alifariki Juni. Kamati ilikutana jioni ile ile. Mhazini akafungua daftari, na mwenzetu alikuwa anadaiwa ada ya miezi mitano. Kifungu cha saba cha katiba yetu kinasema mwanachama mwenye deni linalozidi miezi mitatu hanufaiki na mfuko wa faraja, yaani ule wa kuwasaidia wafiwa, “yeye wala familia yake.” Nilimwomba katibu akisome kwa sauti. Akakisoma. Nikauliza kama kuna mwenye maoni. Palikuwa na maoni ya kunung'unika, hapakuwa na hoja. Nikasaini.

Msibani tulikwenda, kila mtu na mfuko wake. Wengi wenu mlitoa vizuri, naijua orodha. Lakini shada la umoja halikuwepo, kwaya ya umoja haikuimba, na siku ya kumaliza matanga, msemaji wa familia aliposoma vikundi vilivyoshiriki, alisoma kikundi cha kuweka na kukopa, akasoma jumuiya ya mtaa, akasoma mafundi wenzake wa mjini, sisi hakutusoma. Tulikuwa tumekaa pale pale na vitenge vyetu vya sare.

Hilo nalo tungelimeza. Julai, mjane alikuja kwa mhazini na fedha taslimu, ada ya miezi mitano. Alisema hataki jina la mume wake libaki kwenye daftari la wadaiwa. Mhazini alishindwa la kufanya, akanipigia simu. Nilikuwa sokoni, kuna kelele, nina haraka. Nikamwambia: “Pokea, mwandikie risiti.” Akapokea, akaandika.

Ndugu zangu, wadai wa Leisnig walimsamehe aliye hai aliyeshindwa. Sisi tulimdai maiti, na mjane akatulipa, na tukampa risiti yenye mhuri. Na hakuna siku hata moja, katika miezi ile mitano, ambapo mmoja wetu alikwenda kumwuliza fundi kwa nini haleti ada. Nilipouliza baadaye ilichukua dakika tano kujua: mgongo ulikuwa umemfunga tangu Januari, hawezi kushika randa. Kwa katiba yetu alikuwa mdaiwa. Kwa jirani yake alikuwa mgonjwa, na jirani alijua.

Kule warshani mjadala ulifikia Wagalatia 6. Mmoja alisoma mstari wa 2, “Mchukuliane mizigo, na kuitimiza hivyo sheria ya Kristo.” Mwingine, mhasibu kwa kazi yake, akaomba tuendelee mpaka mstari wa 5: “Maana kila mtu atauchukua mzigo wake mwenyewe.” Walibishana mpaka tukaitwa kula. Mimi nilikaa kimya, jambo ambalo wanaonifahamu watashangaa. Nilikuwa najua ni mstari upi niliusaini mwezi Juni.

Siku ya mwisho tulipakiwa kwenye Coaster mpaka Marangu. Ni hapo, Novemba 1955, Walutheri wa Afrika walikutana kwa mara ya kwanza katika mkutano wa bara zima, wakati Tanganyika bado inatawaliwa na wakoloni, na KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, haijazaliwa. Iliungana Juni 19, 1963, makanisa saba yakawa moja. Mkutano kama ule ulifuata Antsirabe, Madagaska, mwaka 1960, na Addis Ababa mwaka 1965. Na mwaka 1977, Fungamano lilipokutana Dar es Salaam, Askofu Josiah Kibira wa Bukoba akachaguliwa kuwa Rais wake, Mwafrika wa kwanza. Mwenyeji wetu alisimulia hayo taratibu, chini ya migomba, ukungu ukishuka. Wajumbe wetu wengine walikuwa wanapiga picha. Ninao wawili walioniomba niwatumie picha kabla hawajaandika taarifa zao za warsha, na taarifa hizo mpaka leo sijaziona.

Kutokana na hayo, kamati inaleta kwenu mapendekezo yafuatayo, na nitayasema kwa maneno ya kawaida kwa sababu yale ya kisheria atayasoma katibu.

Tunapendekeza kifungu cha saba kibadilishwe, deni la ada lisimzuie mwanachama wala familia yake kupata faraja ya umoja wakati wa msiba. Deni likifika miezi miwili, asiandikwe mdaiwa mpaka wawili wetu wamekwenda nyumbani kwake, wamekaa, wamesikia, wamerudi na jibu. Anayeweza na hataki, kamati itamwambia waziwazi, na ataondolewa kwenye uanachama akiwa hai na ana nafasi ya kujitetea. Asiyeweza, kamati iwe na mamlaka ya kufuta deni lake na kuandika “limesamehewa,” bila maelezo ya sababu kwenye daftari linalosomwa hadharani.

Tunapendekeza pia kila mwanachama awe na wenzi wawili, kwa kufuata ujirani na si urafiki, maana marafiki tayari wanatembeleana. Orodha ya kwanza iko ukutani. Wapo waliokwisha kuniomba niwabadilishie. Sibadilishi.

Mhazini ana wasiwasi, na ni haki yenu kuusikia kutoka kwangu pia. Anasema tukilegeza kifungu, watu wataacha kulipa wakijua faraja ipo, na mfuko utakauka kabla ya Krismasi, wakati watu wanaporudi nyumbani na misiba ya mijini inaletwa kuzikwa huku. Huyu ndiye aliyelinda fedha zetu miaka yote bila senti kupotea, kwa hiyo msimsikilize kama mtu mbishi. Jibu langu ni dogo tu: katika wadaiwa wote tulio nao leo, nimewatembelea sita mwezi uliopita, na nimemkuta mmoja tu ambaye nadhani ana fedha na hataki kutoa. Huyo tutamalizana naye. Lakini mfuko ukikauka kweli, nitasimama hapa mwakani na kusema mhazini alikuwa sahihi.

Lipo na la tatu. Ada ile ya miezi mitano na rambirambi ambayo haikwenda, kamati inaomba idhini yenu virudishwe na kupelekwa kwa familia, na kwamba wapeleke wote watatu wenye funguo, pamoja na mwenyekiti aliyesaini.

Mambo mengine ni ya haraka. Kwaya inaomba kinanda kingine, kile cha sasa kina noti mbili zilizokufa. Mnada wa mavuno ulifana, na jogoo mmoja aliuzwa mara nne kwa sababu kila aliyemnunua alimtoa tena sadaka, mpaka mwinjilisti akasema jogoo apumzike. Viti vya plastiki vilivyoazimwa kwa harusi ya Septemba havijarudi vyote, na aliyeviazima anajijua.

Katibu sasa atasoma kifungu cha saba kama kilivyo, halafu kama tunavyopendekeza. Tunahitaji theluthi mbili, na akidi imetimia, nimehesabu. Mjane wa mwenzetu tulimwalika. Amekuja, amekaa upande wa akina mama, na ameniomba nisimsimamishe. Mhazini atasoma hesabu baada ya kura.